Tetemeko dogo, hofu kubwa: Kinachotendeka Nairobi inapotikiswa

ILIKUWA Jumanne, Julai 17, 2007, mwendo wa saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Wafanyakazi wengi wa afisi jijini Nairobi walikuwa wakijiandaa kurejea nyumbani. Ghafla vioo vya madirisha vilianza kulia, taa zinazoning'inia zikayumba, na sakafu ikahisika kama inayoteleza chini ya nyayo.

Muda mfupi baadaye, ngazi za majumba kadhaa marefu zilikuwa zimejaa watu waliokuwa wakikimbilia barabarani. Huko chini walikutana na wapita njia ambao hawakuwa wamehisi lolote, nao wakawa wanashangaa hao wengine wanakimbia nini.

Kwa wakazi wa jiji ambalo bado lilikuwa likikumbuka mlipuko wa bomu wa Agosti 7, 1998, mtikisiko wa jengo halikuwa jambo la kufanyiwa mzaha. Wapo waliodhani ni bomu jingine. Wapo waliodhani ni kizunguzungu, au kwamba shinikizo la damu limewapanda. Ni wachache tu ambao wazo la kwanza kuwajia lilikuwa tetemeko la ardhi.

Kuchanganyikiwa huko si ajabu. Katika nchi kama Japan, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara, mtoto hufundishwa tangu shule ya chekechea jambo la kufanya. Lakini mahali ambapo mtikisiko huhisiwa mara moja baada ya miaka kadhaa, watu wazima hubaki wakitazamana. Na mara nyingi madhara ya tetemeko dogo hutokana na vile watu walivyolipokea kuliko mtikisiko wenyewe.

Chanzo kilikuwa mbali

Tetemeko la siku hiyo lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Kitovu chake hakikuwa Nairobi bali kaskazini mwa Tanzania, karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, takriban kilomita 180 kutoka jijini. Wala halikuwa peke yake. Mfululizo wa mitetemeko ulikuwa umeanza huko tangu Julai 12, na kadhaa kati yake ilihisiwa Nairobi kwa siku tofauti.

Baadaye wanasayansi walilinganisha picha za setilaiti zilizopigwa kabla na baada ya mitetemeko hiyo, nao wakagundua kilichokuwa kikitendeka. Mawe yaliyoyeyuka kwa joto yalikuwa yamepanda kutoka chini na kujipenyeza ndani ya mwamba kando ya Gelai, yakaupasua na kuacha kitu mfano wa ukuta uliosimama wima, wenye upana wa mita mbili hivi na urefu wa kilomita kadhaa. Rojo hilo halikufika juu ya ardhi mahali hapo. Hata hivyo, ardhi iliyokuwa juu yake ilipasuka na sehemu yake ikadidimia kwa takriban nusu mita.

Haukupita muda kabla ya mlima jirani kuchachamaa. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, ulilipuka kwa kishindo mnamo Septemba 4, 2007 na kurusha majivu angani. Hivyo, waliotishika Nairobi mwezi Julai walikuwa wamehisi hatua moja ya kazi ambayo Bonde la Ufa limekuwa likiifanya kwa mamilioni ya miaka.

Bonde hilo ni mahali ambapo bara la Afrika linapasuka polepole. Upande wa mashariki unasogea mbali na upande wa magharibi kwa milimita chache tu kila mwaka, mwendo ulio wa polepole kuliko ukuaji wa ukucha wa mwanadamu. Lakini mwamba hauna unyumbufu wa mpira. Huvumilia mvutano huo kwa miaka mingi, na unapofikia kikomo chake hukatika au kuteleza kwa ghafla. Kishindo cha kukatika huko ndicho kiitwacho tetemeko la ardhi, au zilizala kwa lugha ya wazee wa Pwani.

Matawi mawili ya Bonde

Bonde la Ufa lina matawi mawili. La mashariki hupitia Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. La magharibi hufuata mstari wa maziwa kutoka Albert, Edward na Kivu hadi Tanganyika na Nyasa. Tawi la magharibi ndilo lenye mitetemeko mingi mikubwa. Katika tawi la mashariki, joto jingi lililo karibu na uso wa dunia na rojo linalojipenyeza humalizia sehemu ya mvutano huo kabla haujakusanyika.

Ndiyo maana Wakenya wengi huhisi mitetemeko ambayo asili yake ni nchi jirani. Mnamo Desemba 5, 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Mjini Kalemie, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyumba ziliporomoka. Jijini Nairobi, umbali wa karibu kilomita 950 kutoka hapo, watu walitoka mbio katika majumba marefu alasiri hiyo.

Usiku wa Agosti 12, 2020, ilikuwa zamu ya wakazi wa Pwani. Tetemeko la ukubwa wa karibu 6.0 lilitokea chini ya Bahari Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Lilihisiwa katika jiji hilo, Zanzibar, Mombasa na hata Nairobi. Wengi walikuwa nyumbani wakati huo, na kila mmoja alitaka kujua iwapo jirani yake naye amehisi.

Kwa nini mmoja huhisi na mwenzake asihisi

Swali hilo la "umehisi?" ndilo la kwanza kuulizwa kila mara, na majibu hutofautiana hata kwa watu waliokuwa katika jengo moja. Sababu zake zinaeleweka.

Mwamba unapokatika hutoa mawimbi ya aina mbalimbali. Ya kwanza kufika husukuma na kuvuta ardhi kama treni inayogongana mabehewa, nayo husafiri takriban kilomita sita kwa sekunde. Yanayofuata huitikisa ardhi kwenda kando na juu na chini, na husafiri kwa kasi iliyo zaidi kidogo ya nusu ya hayo ya kwanza. Mawimbi haya ya pili ndiyo yenye nguvu ya kutingisha nyumba.

Kwa mtu aliyekuwa Nairobi jioni ile ya mwaka 2007, mawimbi ya kwanza yalihitaji karibu nusu dakika kuwasili kutoka Gelai, na ya pili yakafika takriban sekunde 20 baada ya hapo. Hii ndiyo sababu baadhi ya watu husimulia kwamba walisikia mvumo kama wa lori zito likipita, kisha kimya kifupi, halafu ndipo jengo likaanza kuyumba.

Mawimbi yanaposafiri mbali, mitikisiko ya haraka hufifia njiani na ile ya polepole ndiyo inayobaki. Mitikisiko ya polepole haiisumbui sana nyumba ya chini, lakini huafikiana na mwendo wa jumba refu, ambalo kwa maumbile yake huyumba taratibu kama mnazi. Aliyeketi orofa ya 15 huona maji yakichezacheza katika glasi na mlango ukijifungua wenyewe. Aliye barabarani, hasa akiwa anatembea au amepanda matatu, aghalabu hahisi chochote.

Udongo nao una neno lake. Nyumba iliyojengwa juu ya mwamba hutikisika kidogo kuliko iliyojengwa juu ya udongo laini, kwa kuwa udongo huo huyakuza mawimbi. Nairobi ina sehemu zilizo juu ya mawe magumu na nyingine, hasa upande wa mashariki na kusini, zilizo juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Mfano mkubwa wa hatari ya udongo ulionekana nchini Mexico mnamo Septemba 19, 1985. Kitovu cha tetemeko la siku hiyo kilikuwa katika pwani ya bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka jiji kuu. Lakini jiji hilo limejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Majengo mengi yaliporomoka na maelfu ya watu wakafa, ilhali miji iliyokuwa karibu zaidi na kitovu ilipata madhara madogo kwa kulinganisha.

Ukubwa ni kitu kimoja, ukali ni kingine

Vyombo vya habari hutangaza tarakimu kama 4.8 au 5.9, na wasikilizaji huzichukulia kama alama za mtihani. Vipimo hivi, vilivyoanzishwa na Mmarekani Charles Richter mwaka 1935 na kuboreshwa baadaye na wengine, havipandi kama hatua za ngazi ya kawaida. Kila tarakimu nzima inapoongezeka, nguvu inayofunguliwa huongezeka takriban mara 32. Hivyo tetemeko la 6 lina nguvu ya karibu mara 1,000 ya lile la 4.

Tarakimu hiyo hueleza ukubwa wa tetemeko mahali lilipozaliwa. Haielezi lilivyohisiwa mahali fulani. Ukali wa mtikisiko hupimwa kwa kipimo kingine, chenye viwango 12, ambacho chanzo chake ni kazi ya Mwitaliano Giuseppe Mercalli. Katika viwango vya chini, ni watu wachache waliotulia ndani ya nyumba wanaohisi. Katika vya kati, vyombo huanguka rafuni na lipu hupasuka. Katika vya juu kabisa, miji hugeuka vifusi. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja, lakini lina ukali tofauti kwa kila mtaa.

Tofauti hii ilionekana wazi nchini Tanzania. Mnamo Septemba 10, 2016, mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la 5.9, tarakimu ileile ya Gelai. Safari hii kitovu kilikuwa karibu na mji wa Bukoba, na nyumba nyingi za huko zilikuwa za matofali yasiyofungwa kwa vyuma. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na familia nyingi zikabaki bila makao. Nairobi ilipona mwaka 2007 si kwa sababu tetemeko lilikuwa dogo, bali kwa sababu lilikuwa mbali.

Si Afrika Mashariki pekee

Mataifa tajiri nayo hupatwa na mshangao wa aina hii. Mnamo Agosti 23, 2011, jimbo la Virginia nchini Marekani lilipigwa na tetemeko la 5.8. Huko hakuna mpaka wa mabamba ya dunia kama ulioko California. Hata hivyo, lilihisiwa katika majimbo mengi na hata nchini Canada. Mnara wa kumbukumbu ya George Washington katika jiji kuu ulipata nyufa, ukafungwa kwa ajili ya ukarabati hadi mwaka 2014.

Aprili 5, 2024, tetemeko la 4.8 lililotokea New Jersey lilitikisa jiji la New York. Nchini Uingereza, usiku wa Februari 27, 2008, wakazi wa sehemu kubwa ya nchi waliamshwa na tetemeko la 5.2 ambalo kitovu chake kilikuwa karibu na mji wa Market Rasen. Matofali ya bomba la moshi yaliyoanguka ndani ya nyumba yalimjeruhi mtu mmoja.

Mitetemeko hiyo ilihisiwa mbali hasa kwa sababu ya umri wa miamba. Mwamba mkuukuu, baridi na usiokatikakatika hupitisha mawimbi vizuri, mithili ya kengele nzima inayolia mbali. Mwamba uliojaa nyufa na joto huyameza njiani, kama kengele iliyopasuka. Kwa hiyo tetemeko la mashariki mwa Marekani huhisiwa katika eneo kubwa mno kuliko tetemeko la ukubwa uo huo katika jimbo la California.

Lililotokea Subukia

Mtu aweza kudhani kwamba Kenya yenyewe haina la kuogopa. Historia inasema vingine. Mnamo Januari 6, 1928, tetemeko la 6.9 lilitokea katika bonde la Subukia, takriban kilomita 150 kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Hilo ndilo kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini. Ardhi ilipasuka kwa umbali wa karibu kilomita 38 kandokando ya ukingo wa Bonde la Ufa, na kwingine upande mmoja ukadidimia zaidi ya mita mbili.

Kulingana na hesabu ya vipimo, tetemeko hilo lilikuwa na nguvu ya takriban mara 32 ya lile la Gelai. Lakini wakati huo Subukia ilikuwa na nyumba chache zilizotawanyika, na Nairobi ilikuwa mji mdogo wenye majengo mafupi. Katika sensa ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu karibu milioni 4.4, wengi wao wakiishi katika majumba ya kupanga yenye orofa tano, sita au zaidi. Nakuru, ambayo iko karibu zaidi na Subukia, ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021.

Hakuna ajuaye ni lini tetemeko kama la Subukia litatokea tena. Huenda likaja baada ya karne nyingi, na huenda likaja katika uhai wa watoto walio shuleni leo. Kinachojulikana ni kwamba nguvu zilizolileta zingalipo.

Hofu nayo huua

Katika tetemeko dogo, hatari iliyo karibu zaidi huwa ni mkanyagano. Wakenya wana kumbukumbu chungu kuhusu jambo hili, ingawa chanzo hakikuwa mtikisiko wa ardhi. Alfajiri ya Aprili 12, 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, milio ya hitilafu ya umeme ilisikika katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Waliruka kutoka orofa za juu, mmoja wao akafariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa.

Mnamo Februari 3, 2020, wanafunzi wasiopungua 14 wa shule moja ya msingi mjini Kakamega walifariki katika mkanyagano kwenye ngazi walipokuwa wakitoka darasani jioni. Hakukuwa na moto, wala bomu, wala tetemeko. Kulikuwa na ngazi nyembamba na umati wenye haraka.

Visa hivi viwili vyaonyesha ni kwa nini wataalamu wa uokoaji huonya dhidi ya kukimbilia ngazi wakati jengo linatikisika. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hudumu sekunde chache, au kwa nadra dakika moja. Aliye orofa ya nane hawezi kufika chini kabla haujaisha. Atakachopata njiani ni msongamano, vioo vinavyoanguka na hatari ya kukanyagwa.

La kufanya

Ushauri wa kawaida kwa aliye ndani ya jengo imara la saruji ni kuinama chini, kuingia chini ya meza madhubuti, kukinga kichwa na shingo kwa mikono, na kushikilia mguu wa meza hadi mtikisiko ukome. Asiye na meza ajikunyate kando ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha, kabati refu na vitu vinavyoning'inia. Aliye kitandani abaki hapo na kufunika kichwa kwa mto.

Lifti isitumiwe kabisa. Mtikisiko ukishakoma, ndipo watu watoke kwa utaratibu, wazee, watoto na walemavu wakisaidiwa kwanza. Mtungi wa gesi ufungwe, jiko la makaa au mafuta lizimwe, na asiyekuwa na hakika iwapo gesi imevuja asiwashe kiberiti wala swichi ya taa.

Aliye nje asikimbilie ndani. Akae uwanjani, mbali na kuta, nguzo za umeme na mabango. Dereva aegeshe gari kando, si juu ya daraja wala chini yake, na abiria wabaki ndani.

Kwa nyumba ya udongo au ya mawe yasiyofungwa vizuri, yenye chumba kimoja au viwili na mlango ulio hatua mbili tatu tu, kutoka nje upesi huenda kukawa salama zaidi, kwani paa na kuta zake ndizo hatari kubwa. Kila familia yafaa iitazame nyumba yake mapema na kuamua.

Wakazi wa Pwani wana jambo moja la ziada. Wakihisi mtikisiko mkali au wa muda mrefu wakiwa ufuoni, au wakiona bahari imekupwa ghafla kuliko kawaida, wapande mahali palipoinuka bila kungoja tangazo. Lakini mawimbi ya tsunami yaweza kuja hata pasipo mtikisiko wowote kuhisiwa. Mnamo Desemba 26, 2004, tetemeko lililotokea karibu na kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia halikuhisiwa na waogeleaji wa Kenya, lakini mawimbi yake yalivuka Bahari Hindi nzima kwa saa kadhaa. Mtu mmoja alifariki eneo la Malindi, na katika nchi jirani ya Somalia wakafa karibu 300. Polisi walikuwa wameondoa watu katika fuo nyingi za Kenya, na hatua hiyo ilisaidia kuzuia maafa makubwa.

Uvumi na utabiri

Kila baada ya mtikisiko huja msururu wa ujumbe wa simu, mmoja ukidai kwamba tetemeko kubwa litapiga usiku wa manane, mwingine ukitaja hata dakika. Hakuna mtaalamu popote duniani awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Ujumbe wowote wenye tarehe na saa ni wa uongo, hata ukiwa umepambwa kwa jina la taasisi kubwa.

Kinachowezekana ni kurekodi na kueleza. Kenya ina kituo cha kupima mitetemo huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambacho pia ni sehemu ya mtandao wa kimataifa unaochunguza iwapo kuna nchi inayofanya majaribio ya silaha za nyuklia. Takwimu za vituo vya namna hiyo huwezesha kitovu na ukubwa kujulikana baada ya dakika chache, ingawa tarakimu za kwanza hurekebishwa baadaye. Msikilizaji anayesikia 5.9 asubuhi na 6.0 jioni asidhani kwamba anadanganywa.

Kadhalika, kuwatuliza watu kupita kiasi ni kosa. Mji wa L'Aquila nchini Italia ulitikiswa na mitetemeko midogo kwa miezi kadhaa, na wakazi wakaambiwa wasihofu. Mnamo Aprili 6, 2009, tetemeko kubwa zaidi lilipiga na zaidi ya watu 300 wakafa. Wanasayansi sita na afisa mmoja wa serikali walihukumiwa kifungo mwaka 2012, kabla ya wanasayansi hao kuachiliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2014. Mara nyingi mitetemeko midogo hupita tu na kusahaulika. Mara chache hutangulia mkubwa. Ukweli ni huo, nao wafaa kuelezwa hivyo hivyo.

Ufa ukutani

Lililo mikononi mwa binadamu ni nyumba anayojenga. Jumba la orofa sita lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016 liliua takriban watu 50. Hakuna tetemeko lililoliangusha. Ilitosha mvua kubwa, ukingo wa mto na ujenzi mbovu. Jengo lisiloweza kustahimili mvua halitastahimili ardhi inayoyumba.

Kenya haikukosa kanuni. Mwongozo wa ujenzi unaozingatia matetemeko ulitolewa tangu mwaka 1973. Pengo limekuwa katika utekelezaji. Mwenye ploti huongeza orofa mbili juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya nne. Fundi hupunguza saruji na kuzidisha mchanga. Nondo nyembamba huwekwa mahali pa nene, na mchoro ulioidhinishwa hubaki kabatini.

Mahitaji ya msingi hayana fumbo. Nguzo na boriti zifungwe pamoja kwa vyuma vya kutosha. Kuta za mawe ziwe na mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima chini ya paa, ili zisitengane zinapotikiswa. Orofa ya chini isiachwe wazi kwa maduka na maegesho huku ikibebeshwa mzigo wa orofa zote zilizo juu kwa nguzo dhaifu. Matangi ya maji na mabango yaliyo juu ya paa yafungwe imara. Na mpangaji anayeona ufa mpya ukipanuka kwenye nguzo, wala si kwenye lipu tu, ana haki ya kudai mhandisi aletwe.

Jioni ile ya Julai 2007, wakazi wa Nairobi walirudi afisini kesho yake, wakasimuliana na kuchekana kuhusu nani aliacha viatu na nani alisahau mkoba. Vicheko vyao vilikuwa halali, maana hawakuwa na msiba. Lakini baadhi ya nguzo za majengo waliyorudi kukaa hazikuwa zimekaguliwa na yeyote, na mawimbi yaliyozifikia yalikuwa yamekwisha kuchoka kwa mwendo wa kilomita 180.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nchi iliyokaa juu ya ufa mkubwa kuliko yote barani, nyufa za kuziba ni zile ndogo zilizo katika nguzo za nyumba, na wakati wa kuziziba ni huu ambapo ardhi imetulia.